Tom Wiggins, mpiga kinanda kipofu: kipaji si bei ya mtu

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 16, chatusimulia habari ya kijakazi mmoja wa mji wa Filipi. Alikuwa na pepo wa uaguzi, na mabwana zake walipata faida nyingi kwa kuagua kwake. Siku Paulo alipomponya kwa jina la Yesu Kristu, mabwana wale hawakufurahi kwamba binti amepata nafuu. Walichokiona ni kwamba tumaini lao la faida limepotea. Wakamkamata Paulo pamoja na Sila, wakawaburuta mpaka sokoni mbele ya wakubwa wa mji. Jina la binti yule hatulijui. Tunajua tu kwamba aliingiza fedha, na kwamba wenye kuzipokea waliona uponyaji wake kuwa hasara.

Vijana wapendwa katika Kristu, nimeanza na kijakazi huyo kusudi tutafakari pamoja maisha ya mtu mwingine, aliyeishi Marekani miaka mia moja na zaidi iliyopita: Thomas Wiggins, mwanamuziki mwenye asili ya Afrika, ambaye dunia ya wakati ule ilimwita Tom Kipofu. Siku hizi watu wengi hupenda kuzungumza juu ya wasanii wenye usonji, wale ambao kwa Kifaransa huitwa watu wa otizimu. Husemwa kwamba fulani alichora ajabu, fulani alipiga muziki bila kusoma nota, na kwa hiyo tusiwadharau watu wa namna hiyo. Nia ni njema. Lakini ndani ya usemi huo umo mtego, na maisha ya Tom yanauonyesha wazi kuliko mafundisho mengi.

Mtoto aliyetolewa kama matabisi

Thomas alizaliwa tarehe 25 mwezi wa tano 1849, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Charity na Mingo, walikuwa watumwa. Na kwa sheria ya kule mtoto alifuata hali ya mama yake. Basi Thomas alikuwa mali ya mtu tangu pumzi yake ya kwanza. Zaidi ya hayo alizaliwa kipofu. Katika mashamba ambamo mtumwa alipimwa kwa nguvu za mikono yake, mtoto kipofu alikuwa mdomo wa kulishwa tu.

Mwaka 1850 familia hiyo iliuzwa kwa James Neil Bethune, mwanasheria na mwenye gazeti katika mji wa Columbus. Yasimuliwa kwamba katika mauzo yale mtoto hakutiwa bei yoyote. Alitolewa kama matabisi, kama vile mama wa sokoni anavyoongeza ndizi moja juu ya fungu lililokwisha kulipwa. Tulikumbuke neno hilo, kwa maana watu walewale watakuja kugombania mtoto huyo mbele ya mahakimu.

Alipokuwa akikua, waliomzunguka waliona kwamba hakufanana na watoto wengine. Alirudia maneno na mazungumzo marefu aliyoyasikia, kwa sauti ileile ya aliyeyasema, lakini kwa shida alitumia maneno kuomba chakula au kueleza maumivu. Aliruka, alizunguka, alitikisa mwili. Na kitu kimoja kilimshika kuliko vyote: sauti. Mvua juu ya paa, jogoo, upepo, treni, kila kilicholia kilikuwa chakula chake. Binti za Bethune walijifunza kupiga piano, kile kinanda kikubwa chenye nyuzi ndani, na mtoto aliwasikiliza. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, naye alianza kupiga yale aliyoyasikia. Kipande kimoja alichokitunga katika utoto wake kinaigiza tufani ya mvua.

Tangu siku hiyo, mtoto asiye na bei alipata bei. Mwaka 1857, akiwa na miaka 8, alipiga mbele ya watu katika mji wa Columbus. Baadaye Bethune alimkodisha kwa mfanyabiashara wa maonyesho aliyeitwa Perry Oliver, kwa mkataba wa miaka mitatu ambao wanahistoria wengi huutaja kuwa wa dola 15,000. Mtoto alizungushwa mji kwa mji. Mwaka 1860 alipiga katika ikulu ya Washington mbele ya rais James Buchanan. Hutajwa kuwa msanii mweusi wa kwanza kupiga muziki katika nyumba ile. Mwaka uleule nyimbo zake za piano zilianza kupigwa chapa. Alikuwa na miaka 11, na alikuwa bado mtumwa.

Walichokiona watazamaji

Maonyesho yake yalipangwa ili kushangaza. Mtu wa hadhirani aliitwa jukwaani apige wimbo ambao Tom hajausikia kamwe. Alipomaliza, Tom aliketi akaupiga. Kwa mkono wa kulia alipiga wimbo mmoja, kwa wa kushoto mwingine, na kwa mdomo akaimba wa tatu. Aligeuka akakipa kinanda mgongo, akapiga mikono ikiwa nyuma. Watu walipopiga makofi, naye alijipigia makofi. Alipojitambulisha, alisema habari zake kama za mtu mwingine, kwa jina la Tom, akitumia maneno ya msimamizi wake.

Matangazo yalimfananisha na mnyama. Yalisema kwamba hana akili, kwamba hakufundishwa kitu, kwamba muziki wampitia tu kama maji katika mfereji. Hilo lilikuwa uongo wenye manufaa. Tom alikuwa na waalimu. Vipande vya watungaji wakubwa wa Ulaya alipigiwa mara kwa mara, naye alikaa kwenye kinanda saa nyingi kila siku. Kwa nini basi walificha kazi hiyo? Kwa sababu mwenye kufanya kazi hustahili mshahara. Mwujiza haudai kitu. Ukisema kwamba huyu ni chombo tu, hakuna atakayeuliza fedha zinakwenda wapi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka mwaka 1861, Tom alisimuliwa habari ya mapigano ya Manassas, akatunga kipande cha piano juu ya vita hiyo. Ndani yake mna ngoma, filimbi na tarumbeta; mizinga aliipiga kwa sauti nzito za upande wa kushoto, na treni aliiigiza kwa mdomo wake. Ni kazi ya mtu mwenye kusikia, kuchagua na kupanga. Na huzuni iko hapa: fedha za baadhi ya maonyesho yake zilipewa upande wa Kusini, uliopigana kusudi watu kama Tom na mama yake wabaki watumwa.

Uhuru uliompita pembeni

Utumwa ulifutwa katika Marekani yote mwaka 1865. Mamilioni ya watu walitoka utumwani. Tom alikuwa na miaka 16, naye hakutoka. Kabla ya kuchelewa, Bethune aliwatilisha wazazi wake sahihi kwenye mkataba uliomweka kijana chini ya mamlaka yake mpaka atimize miaka 21. Mwaka uleule mtu mweusi, Tabbs Gross, aliyekuwa mtumwa zamani na sasa mwenye kuandaa maonyesho, alimshtaki Bethune katika mji wa Cincinnati, akidai kwamba alikuwa na haki ya kumchukua kijana. Mahakama iliamua kwa upande wa Bethune.

Mwaka 1866 Tom alipelekwa Ulaya. Huko wanamuziki wenye sifa, Ignaz Moscheles na Charles Hallé, walimpima. Walibonyeza vibonyezo vingi kwa pamoja, naye akataja kila sauti kwa jina lake. Waliandika barua za kushuhudia uwezo wake, na barua hizo zikawa matangazo mapya.

Mwaka 1870 alitimiza miaka 21, na mkataba ukafika mwisho. Ndipo John, mwana wa Bethune, alipokwenda mbele ya mahakama ya jimbo la Virginia, na Tom akatangazwa kuwa mtu asiye na akili timamu. John akawekwa kuwa mlezi wake. Angalieni jambo hili kwa makini, vijana. Kile ambacho zamani kilifanywa kwa sheria ya utumwa, sasa kilifanywa kwa sheria ya ugonjwa wa akili. Mnyororo ulibadilishwa jina. Akili yake ilitosha kujaza kumbi kwa miaka mingi, lakini ilisemwa kwamba haitoshi kushika hata senti moja ya alichokipata.

John alikufa mwaka 1884 katika ajali ya treni. Mjane wake, Eliza, ambaye walikuwa wamekwisha kuachana, alianza kugombania ulezi na mzee Bethune. Alimleta upande wake Charity, mama mzazi wa Tom, na mwaka 1887 mahakama ilimpa ushindi. Magazeti yaliandika kwamba mtumwa wa mwisho wa Marekani amepewa uhuru. Lakini aliyeshika fedha alikuwa Eliza. Mama alirudi Georgia bila mwanawe. Sauti ya Tom mwenyewe haikuwa na nguvu katika shauri lolote, kwa kuwa alikwisha kuandikwa kuwa hana akili.

Tukumbuke kwamba miaka hiyo ni ya karibu sana na historia yetu. Mwaka mmoja baada ya hukumu ile, tarehe 1 mwezi wa saba 1888, Kardinali Lavigerie alipanda mimbari ya kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris, akaanza kuitangazia Ulaya ukatili wa biashara ya watumwa katika Afrika. Wamisionari wake waliona kwa macho yao misafara ya watu waliofungwa kando ya ziwa Tanganyika. Huku na huko swali lilikuwa moja: mtu huuzwa?

Tom alifariki tarehe 13 mwezi wa sita 1908, mjini Hoboken, karibu na New York. Ni mwaka uleule Kongo ilipotoka mikononi mwa mfalme Leopold II. Alizikwa Brooklyn, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na alama yoyote.

Je, Tom alikuwa na usonji?

Jina la usonji, kwa maana tunayoitumia leo juu ya watoto, Tom hakulisikia. Daktari Leo Kanner aliandika juu ya watoto 11 katika mji wa Baltimore mwaka 1943, miaka 35 baada ya kifo cha Tom. Kabla yake, Édouard Séguin, daktari na mwalimu Mfaransa aliyehamia Marekani, alimwelezea Tom katika kitabu chake cha mwaka 1866 juu ya malezi ya watoto wenye akili pungufu, kama walivyoitwa. Sisi tuliosomea ualimu twapaswa kumheshimu Séguin, kwa kuwa alionyesha kwamba watoto wale wanaweza kufundishwa. Kutoka kwake Maria Montessori alijifunza mengi kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907.

Mwanahistoria mwaminifu hawezi kumpima marehemu kama daktari ampimavyo mtu aliye hai. Kwa hiyo twapaswa kujihadhari na orodha zile zinazosema kwamba Michelangelo alikuwa na usonji, au Mozart, au mwingine. Mara nyingi ushahidi wake ni tabia chache zilizookotwa katika barua za zamani. Kwa Tom ushahidi ni mzito zaidi: kurudia maneno ya wengine, kujitaja kama mtu wa nje, miendo ya kurudiarudia, kumbukumbu isiyo ya kawaida ya sauti. Daktari Oliver Sacks, aliyeandika sana juu ya ubongo wa binadamu, alimhesabu miongoni mwa watu wa namna hiyo. Tunaweza kusema kwamba yaelekea sana alikuwa na usonji, tukaishia hapo.

Na usonji ni nini? Wataalamu hufundisha kwamba ni namna ambavyo ubongo umejengwa tangu mwanzo wa maisha. Hauambukizwi, hausababishwi na malezi mabaya ya mama. Mwenye usonji huona, husikia na huelewa dunia kwa njia yake. Mmoja huzungumza vizuri, mwingine huchelewa, mwingine hasemi kamwe. Makelele, mwanga na mguso waweza kumwumiza. Mabadiliko ya ghafula humvuruga. Wachache kati yao wana kipaji cha ajabu katika muziki, kuchora au hesabu. Walio wengi hawana, kama vile walio wengi kati yetu hatuna.

Kipimo kilekile, upande wa pili

Sasa twaweza kuutaja mtego niliousema mwanzoni. Tukimheshimu mwenye usonji kwa sababu ya kipaji chake, tumekwisha kukubali kwamba asiye na kipaji hana sababu ya kuheshimiwa. Tom alitoka kuwa matabisi akawa hazina, lakini kipimo hakikubadilika. Mwanzoni alipimwa akaonekana hana faida. Baadaye alipimwa akaonekana ana faida. Katika nyakati zote mbili hakuna aliyemwona kuwa ndugu.

Ulaya ya karne ya 20 ilionyesha mwisho wa kipimo hicho. Mjini Vienna aliishi daktari Hans Asperger, ambaye mwaka 1944 aliandika juu ya watoto wenye usonji. Alikuwa Mkatoliki, na katika ujana wake alikuwa mwanachama wa chama cha vijana Wakatoliki, kama ninyi. Alisifu akili za baadhi ya watoto wake, akieleza kwamba waweza kufaa katika jamii. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mtetezi wao. Lakini mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitangaza uchunguzi wa hati za zamani, zikionyesha kwamba Asperger alijipatanisha na utawala wa Hitler, na kwamba watoto wengine, wale walioonekana hawatafaa kitu, aliwapeleka katika nyumba ya Am Spiegelgrund. Katika nyumba hiyo karibu watoto 800 walikufa, wengi wao wakiuawa kwa dawa na njaa.

Wakati uleule alikuwepo Mkatoliki mwingine. Tarehe 3 mwezi wa nane 1941, Askofu Clemens August von Galen wa Münster, Ujerumani, alihubiri waziwazi dhidi ya kuuawa kwa wagonjwa na walemavu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa ni halali kumwua mtu kwa kuwa hazalishi, basi ole wetu sote siku tutakapozeeka, tutakapougua, au askari atakaporudi kutoka vitani bila miguu. Hakusema kwamba kati ya wagonjwa wale huenda kuna mpiga kinanda. Hakutafuta kipaji chochote cha kuwaombea. Kuwa watu kulitosha. Eklezya ilimtangaza mwenye heri mwaka 2005.

Watu hawa wawili walibatizwa ubatizo mmoja. Tofauti yao ilikuwa katika kipimo walichokishika mkononi.

Njia iliyo bora

Yawezekana kukipokea kipaji bila kumgeuza mwenye nacho kuwa bidhaa. Mjini London, mwaka 1974, alizaliwa Stephen Wiltshire, wa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi, wenye asili ya Afrika kama Tom. Hakuzungumza, akiwa na miaka mitatu aligunduliwa kuwa na usonji. Alipelekwa katika shule ya watoto wenye mahitaji ya pekee, na huko alichora tu, siku zote. Waalimu wake walitumia busara: walimwondolea vifaa vya kuchorea kwa muda kusudi alazimike kuviomba. Neno lake la kwanza lilikuwa jina la karatasi. Polepole alijifunza kusema.

Leo Stephen anajulikana duniani kwa kuchora miji mizima kutoka kumbukumbu yake baada ya kuitazama mara moja kwa helikopta; mwaka 2005 aliuchora mji wa Tokyo kwenye turubai yenye urefu wa mita 10. Mwaka 2006 alifungua nyumba yake mwenyewe ya picha mjini London. Picha zina jina lake, na familia yake imekaa pembeni yake. Tazameni tofauti na Tom: wa kwanza alizungukwa na wanunuzi, wa pili alizungukwa na mama, dada na waalimu. Na jambo la kukumbuka zaidi ni hili: katika shule ileile walikuwepo watoto wasiochora kitu, nao walifundishwa na waalimu walewale.

Kwetu Kongo

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Sivyo. Katika miji yetu na vijiji vyetu mtoto anayechelewa kusema, anayeziba masikio, anayecheka peke yake au kutomtazama mtu machoni, mara nyingi haitwi mwenye usonji. Huitwa mchawi. Hupelekwa katika vyumba vya maombi ambamo hufungwa, hunyimwa chakula na kupigwa ili pepo atoke. Wengine hufukuzwa nyumbani, na barabara ndiyo inayowalea.

Sheria ya nchi yetu haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshutumu mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, humwadhibu mwenye kumshutumu kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Kijana Mkristu anapaswa kuijua sheria hiyo na kuisema katika familia yake, hata mbele ya wajomba na shangazi, kwa heshima lakini bila woga.

Injili nayo imekwisha kutoa jibu. Katika sura ya 9 ya Yoane, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu alilikataa swali lenyewe. Hakutafuta mwenye kosa. Naye Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorinto juu ya mwili na viungo, alifundisha kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya lazima zaidi. Hakuweka sharti kwamba vijue kupiga piano.

Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 2018, Baba Mtakatifu Fransisko alipokuwa na mkutano wake wa kila juma mjini Roma, mtoto mmoja asiyeweza kusema alipanda jukwaani akaanza kucheza kuzunguka kiti chake na kumvuta askari mkono. Mama yake alipokuja kumchukua, Papa alimwomba amwache acheze. Kisha aliwaambia watu kwamba mtoto huyu hasemi, lakini ajua kuwasiliana, tena yu huru. Akajiuliza kama yeye mwenyewe yu huru namna hiyo mbele ya Mungu. Mtoto yule hakuonyesha kipaji chochote siku ile. Alikuwepo tu, na kuwepo kwake kulikuwa mahubiri.

Basi katika parokia zetu tuanze na madogo. Mtoto anayeumizwa na ngoma na vipaza sauti akaribishwe karibu na mlango, na mama yake asitazamwe kwa jicho baya anapotoka naye nje. Asichekwe, wala asipigwe picha za simu za kuchekesha watu. Katika katekisimu tumfundishe kwa picha, kwa ishara, kwa kurudia polepole. Mwongozo wa katekesi uliotolewa Roma mwaka 2020 wakumbusha kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuwanyima walemavu sakramenti. Wazazi wasaidiwe kumfikisha kwa daktari badala ya chumba cha mapigo. Akiwa na kipaji, tukipokee kwa shukrani, nacho kibaki chake. Asipokuwa nacho, kiti chake katika jumuiya ni kilekile.

Tom Wiggins aliitwa kwa majina mengi: mali, mwujiza, mwehu, mtumwa wa mwisho. Mama yake Charity alikuwa na jina moja kwake, nalo ni mwanangu. Mungu naye hatuiti kwa jina lingine.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Someni Matendo ya Mitume 16, 16-24. Mabwana wa kijakazi walipoteza nini, naye alipata nini? Ni wapi katika maisha ya Tom mnapowaona mabwana hao?
2. Katika mtaa wenu, mtoto asiyesema au mwenye mwenendo wa pekee huitwa majina gani? Majina hayo humfanya nini yeye na mama yake?
3. Ni vijana gani ambao kikundi chetu huwatafuta kwa sababu ya kipaji chao, na ni nani ambaye hatujamtafuta kamwe?
4. Juma hili kikundi chetu chaweza kuitembelea familia gani, na tutaiuliza inahitaji nini?